Wenzangu wanasikiaje habari za ardhi kabla yangu?

Asalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni mkazi wa Bombo, kaskazini mwa Kampala hapa Uganda, nina miaka 36, mke na watoto watatu. Nauza vipuri vya bodaboda hapa mjini. Miaka michache iliyopita nilijenga mizigo minne, kama tunavyoziita nyumba ndogo za kupangisha za chumba kimoja kimoja, kwenye kipande cha ardhi alichoniachia marehemu baba. Yote ina wapangaji na kodi inaingia kila mwezi. Hapo ndipo nilipoonja utamu wa nyumba. Sasa nataka iwe ndiyo kazi yangu: ninunue ardhi, nijenge, nipangishe, na nyingine niuze.

Shida ni kwamba kila ardhi nzuri naisikia ikiwa imeshauzwa. Jirani yangu mmoja, ambaye hanizidi pesa, amekwisha kununua mara tatu kwenye barabara hii yetu kwa bei ambazo mimi sijawahi hata kutajiwa. Nikimuuliza anapataje, ananijibu, "Ni watu tu." Watu wangu mimi ni madalali. Nimewajaza kwenye simu. Wananipigia mchana na usiku, kila mmoja anataka pesa ya mafuta ya pikipiki na pesa ya kuonyesha, na nikifika nakuta ni ardhi ileile niliyoonyeshwa juzi na dalali mwingine kwa bei nyingine.

Sasa kuna jambo limeninyima usingizi. Dalali mmoja ameniletea nusu ekari, ndani kidogo ukishapita Matugga. Anataka milioni 38, wakati nusu ekari za jirani zinauzwa karibu milioni 75. Anasema mwenyewe yuko kyeyo, yaani kazini ng'ambo, huko Dubai, na anahitaji pesa haraka, na kuna mteja mwingine ameitaka, kwa hiyo nitoe milioni 5 za kuishikilia kabla ya Ijumaa. Amenionyesha picha ya hati miliki kwenye simu. Amenionyesha pia fomu ya uhamisho ambayo mwenyewe ameshaitia saini, sehemu ya mnunuzi ikiwa wazi. Kwenye ardhi yenyewe yupo mama mmoja mwenye nyumba ya matofali, migomba na mibuni. Dalali anasema huyo ni wa kibanja tu, si mwenye hati, ukimpa kitu kidogo ataondoka.

Nina akiba ya milioni 40. Mke wangu anasema tuongeze mizigo mingine palepale tulipo, tuache kukimbizana na watu tusiowajua. Rafiki zangu wawili wanasema tuunganishe pesa tununue ekari nzima. Nishauri, Shangazi. Nitapataje ardhi nzuri mapema, na nijuane na nani? Na hii ya Matugga niifanyeje?

Mwenye mizigo minne, Bombo

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Nianze na Matugga, maana Ijumaa haiko mbali. Usilipe. Usitoe milioni 5 wala laki moja ya kuonyesha nia. Ardhi inayokimbia Ijumaa mwache anayeifukuza aikimbilie.

Kwanza tazama ile fomu. Mtu aliye ng'ambo na anataka kuuza ardhi yake kwa haki humteua mtu wa kumwakilisha kwa hati ya uwakilishi, ikaandikwa jina la huyo mwakilishi, nawe ukamjua na ukazungumza na mwenye ardhi mwenyewe uso kwa uso kwenye simu. Fomu iliyotiwa saini upande mmoja, upande wa mnunuzi ukiwa wazi, inayozunguka na dalali mfukoni, nyingi hutokea kwa wakopeshaji wa mitaani. Mtu alibanwa, akakopa, akaambiwa aache hati yake na asaini fomu ya uhamisho kama dhamana. Wakati mwingine alisainishwa na mkataba wa mauzo juu yake. Kisha siku moja fomu ile inatafutiwa mnunuzi, na mwenye ardhi hajui kama ardhi yake iko sokoni. Ukiingia hapo utakuwa umenunua kesi, na mwenyewe akirudi atakukuta wewe, hatamkuta dalali.

La pili ni huyo mama, na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu ukilielewa jambo lake umeielewa nusu ya biashara ya ardhi katika Buganda yote.

Kwenye ardhi ya mailo, mfumo uliotokana na mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda, mara nyingi kuna watu wawili juu ya udongo mmoja. Mmoja ana hati. Mwingine ana kibanja: anaishi, analima, anazika watu wake hapo, na anamlipa mwenye hati busuulu, kodi ndogo ya ardhi, kila mwaka. Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinamlinda huyu wa pili. Aliyeingia kwa idhini ya mwenye ardhi, au aliyekuwa ameikalia na kuitumia kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ile bila mwenye ardhi kumpinga, ana haki ambayo haifutwi kwa kubadilisha jina kwenye hati. Marekebisho ya 2010 yakakaza zaidi: hawezi kuhamishwa ila kwa amri ya mahakama, na sababu iwe ni kutolipa busuulu. Mwenye hati akitaka kuuza, kwanza amuulize mwenye kibanja kama anaitaka. Naye mwenye kibanja akitaka kuuza, kwanza amuulize mwenye hati, na asipofanya hivyo anaweza kushtakiwa na kukipoteza kibanja chenyewe.

Kwa hiyo unayeambiwa ni "wa kibanja tu" ndiye mwenye matumizi ya ardhi yote ile. Wewe ungenunua karatasi, yeye angebaki na migomba. Na hata kama sheria isingekuwepo, mwanangu, mtu aliyepanda mibuni yake akaitunza hadi ikazaa haondolewi kwa kitu kidogo. Wewe mwenyewe unakaa kwenye ardhi aliyokuachia baba. Unajua.

Sasa twende kwenye hesabu ambayo dalali hakukufanyia. Tuseme hati ni safi, na mwenyewe anauza kwa hiari. Njia ya heshima ni kukaa na huyo mama mkagawana: yeye apate sehemu yake na hati yenye jina lake, wewe upate sehemu yako iliyo wazi. Watu wanafanya hivyo, na wengi wa kibanja wanakubali kwa furaha, kwa sababu hati ni kitu walichokitamani miaka mingi. Nusu ekari ni desimali 50. Mkigawana katikati unabaki na desimali 25, yaani ploti mbili za futi 50 kwa 100 na kanjia kembamba. Umelipa milioni 38 kwa robo ekari, katika mahali ambapo nusu ekari ni milioni 75. Hiyo ni bei ya kila mtu! Na bado hujalipa mpima ardhi, wakili, kugawa hati mara mbili, na ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani ambayo mthamini wa serikali ataikadiria. Nafuu yote iliyokukosesha usingizi imekwisha, na kazi ndiyo kwanza inaanza.

Ukiwa bado na hamu ya kujua ukweli wa ardhi ile, nenda siku ambayo dalali hayupo. Msalimie mama, kaa naye. Muulize busuulu anamlipa nani na umwombe akuonyeshe risiti. Jina la kwenye risiti likiwa silo lililo kwenye hati, rudi nyumbani. Likilingana, chukua namba ya bloku na ya ploti uende mwenyewe ofisi ya ardhi ya kanda ya Wakiso, ulipie upekuzi, ukasome: hati ina jina la nani leo, kuna rehani ya benki, kuna kaveti, yaani zuio la kuuza, ya mke au ya ndugu? Usikubali upekuzi ulioletwa na anayeuza. Baada ya hapo mpima aliyesajiliwa akafungue mipaka, ayaone mawe kwa macho, kwa sababu hati inaweza kuwa ya kweli kabisa na ikawa ya kilima kingine. Na akuambie kama bonde lile lina kinamasi. Waliobomolewa nyumba kwenye kinamasi cha Lubigi mwaka 2024 walikuwa wamejenga na kuhamia.

Sasa swali lako kubwa: wenzako wanasikiaje mapema?

Jirani yako hakukuficha. Ni watu tu kweli. Ardhi haianzi kuuzwa siku dalali anapokupigia simu. Inaanza kuuzwa miezi kabla, nyumbani kwa mtu, pale mzee anaposema mguu unamsumbua na watoto wako Kampala, au pale mama anapohesabu karo ya muhula ujao na haitoshi. Anayepita hapo akasalimia ndiye anayesikia. Dalali anasikia baadaye, na wewe unasikia baada ya madalali watatu, kila mmoja ameshaweka cha juu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupunguza eneo. Wewe unazunguka kutoka Kawempe hadi Wobulenzi kwa simu, na kote huko wewe ni mgeni. Chagua vijiji vichache hapohapo Bombo, unakofika kwa miguu ukishafunga duka. Ujue kila nyumba: nani anamiliki, nani anapanga, wapi umeme umefika, wapi maji hupotea wakati wa kiangazi. Ujue bei halisi, si zile zinazotajwa, bali zile ambazo watu wamelipa. Ukishaijua bei ya mahali pamoja kwa uhakika, hakuna atakayekudanganya hapo, na wenye shida wataanza kukufuata wewe kuuliza shamba lao lina thamani gani. Wajibu ukweli. Hata kama ukweli utakuongezea bei, wajibu ukweli. Atakayeuza miaka miwili ijayo atakukumbuka kwa hilo.

Mtu ninayemwona watu wengi wanampita ni msigire wa mwenye ardhi, yule anayemkusanyia busuulu na kupokea pesa ya kanzu, ada ya kutambuliwa na mwenye ardhi, kibanja kinapobadilisha mkono. Kwenye mailo huyu ndiye daftari linalotembea. Anajua nani amelipa na nani ana malimbikizo, nani ameomba ruhusa ya kuuza, na ni warithi gani wa mwenye hati waliochoka kulumbana. Usimwendee na bahasha. Mwendee na jambo lako halali: kama una kibanja, lipa busuulu yako mapema, umchukulie kama mtu mwenye kazi ya heshima, umwambie waziwazi kwamba unanunua kwa utaratibu na hununui ugomvi. Na kama kibanja kipo kwenye ardhi ya Kabaka, mfalme wa Buganda, usihangaike na watu wa kati hata kidogo; nenda Bodi ya Ardhi ya Buganda yenyewe ukaulize.

Halafu mafundi. Muashi mmoja mzuri ni bora kuliko madalali kumi. Pita barabara yoyote ya ndani uone nyumba zilizoishia kwenye linta: matofali yameanza kuota ukungu, nyasi zimefika madirishani, nondo zimepinda juu ya nguzo na kushika kutu. Kila moja ya hizo ina mwenyewe aliyeishiwa, aliyeugua, au aliye nje ya nchi aliyekuwa akituma pesa kwa ndugu na ndugu akazila. Muashi aliyeijenga anamjua kwa jina, na pengine anamdai. Mwambie, "Ukisikia mmoja wao anataka kuuza, mwambie kuna mtu Bombo anayelipa." Kisha ikitokea, umlipe muashi ahsante yake siku hiyohiyo, na kazi ya kumalizia nyumba umpe yeye. Sijaona njia yenye nguvu kuliko hiyo kwa mtu wa kipato chako.

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mjue, umheshimu, ahudhurie mauziano na majirani wawili watatu wa mpakani. Ila kumbuka muhuri wake unasema kwamba anawajua mliouziana. Hausemi kwamba muuzaji ndiye mwenye ardhi.

Madalali nao usiwafukuze wote. Bakiza wawili, wale ambao wakikupigia wanakupeleka moja kwa moja kwa mwenye ardhi na hawaogopi mkutane naye peke yenu. Waambie unataka nini hasa: desimali ngapi, kijiji kipi, bei mwisho ngapi. Pesa ya kuonyesha ifute kabisa. Kamisheni mwandikiane kabla, uilipe yote siku mkataba unaposainiwa, bila kumpunguza hata shilingi. Dalali aliyelipwa vizuri mara moja atakuletea ya pili kabla ya kumpelekea mwingine.

Kuna mlango mwingine nataka uuingie kwa adabu, nao ni mirathi. Ardhi nyingi nzuri inauzwa na watoto wa marehemu. Kijana mmoja wa familia atakuja na hati ya baba yake na bei ya kuvutia, wakati mwingine matanga hayajaisha. Hana mamlaka. Anayeweza kuuza ni msimamizi aliyepewa barua za usimamizi wa mirathi na mahakama, na hata huyo, mjane akiwa bado anaishi hapo, usinunue kwake bila mjane huyo kukubali kwa kinywa chake mbele yako. Ukitaka ardhi za namna hii zikufikie zikiwa safi, jenga urafiki na wakili mmoja anayeshughulikia mirathi. Familia iliyomaliza karatasi zake huwa inataka mnunuzi mtulivu aliye tayari, na wakili hupenda kumtaja mtu asiyemletea aibu.

Hata muuzaji akiwa hai na hati ni yake, nenda kwake nyumbani. Sheria inataka mwenzi akubali kwa maandishi kabla ya ardhi ambayo familia inaishi na kujipatia riziki kuuzwa. Unywe chai na mkewe, uone kama anajua kinachoendelea. Mwanamume anayetaka mkutane hotelini Kampala tu, na kila ukitaja kwake nyumbani anakuwa na safari, ana jambo.

Karo za Februari huwasukuma wengi kuuza, na utaambiwa huo ndio wakati wa kuvuna. Mimi nasema kanunue kama unayo pesa, lakini lipa bei ambayo ungeilipa hata Agosti. Faida yako iwe ni kwamba unalipa mara moja na kwa ukamilifu, wakati wengine wanalipa vipande vipande mwaka mzima. Mtu aliyebanwa anaithamini hiyo kuliko unavyodhani. Aliyenyonywa naye hasahau, na wewe umechagua kufanya kazi katika vijiji ambavyo kila mtu ni shemeji wa mtu.

Minada ya benki utaiona kwenye magazeti, New Vision na Daily Monitor. Bei huvutia, lakini mara nyingi mwenye nyumba bado yumo ndani, na mahakama inaweza kuusimamisha mnada akiweka asilimia 30 ya thamani ya kuuza kwa haraka au ya deni lililobaki. Iache kwa sasa. Ni uwanja wa watu wenye pesa nyingi taslimu na wakili wa kudumu.

Rafiki zako wawili hawajakosea. Ekari moja iliyo safi mara nyingi ni nafuu kuliko ploti nane ukizinunua mojamoja. Ila kabla hamjatoa pesa andikeni kwa wakili kwamba kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, kwa sababu mkiandikishwa kama wamiliki wa pamoja bila mafungu, mmoja wenu akifa sehemu yake inawaendea walio hai, watoto wake wanaambulia huzuni. Mkubaliane pia barabara itapita kwa nani, nani analipia kugawa hati, na kila mtu atoke na hati yake. Rafiki atakayeona haya kuandika, mwendelee na urafiki, ardhi msinunue pamoja.

Na mkeo, mwanangu, amesema neno ambalo sijui kama ulilisikia. Amekuambia mtazame palepale mlipo.

Umeandika kwamba mizigo yako minne iko kwenye kipande alichokuachia baba. Hukusema kina hati au ni kibanja. Nami nakuuliza: wewe busuulu unamlipa nani? Wengi wa Bombo na kaunti yote ya Bulemeezi wamejenga juu ya vibanja vya wazee wao bila hata risiti moja ya miaka ya karibuni. Ikiwa ndivyo na kwako, basi siku moja mwenye hati atauza, na dalali atampeleka mnunuzi na kumwambia kuhusu wewe maneno yaleyale aliyokuambia kuhusu mama wa Matugga.

Mnunuzi wa kwanza anayepaswa kuulizwa ardhi hiyo ikiuzwa ni wewe, kwa sheria. Huhitaji kusubiri aje kukuuliza. Tafuta risiti za marehemu baba, nenda kwa msigire, lipa malimbikizo kama yapo, kisha uombe kuonana na mwenye hati ujue kama atakuuzia haki yake juu ya kipande hicho. Kwa sababu wewe ndiwe uliye juu yake, hakuna mwingine ambaye kipande hicho kina thamani kwake kama kwako, na mara nyingi bei yake huwa ya kuzungumzika. Mkikubaliana, mkeo awepo na jina lake liingie kwenye hati. Mizigo minne yenye hati ni dhamana ambayo benki inaielewa, na hapo ndipo utakapoweza kununua cha pili bila kuuza vipuri vya mtaji. Zingatia pia kodi ya serikali: kodi ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya mapato yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, na kumbukumbu zako zikiwa sawa benki haitakusumbua.

Anza na hizo risiti wiki hii. Zikikosekana nyumbani, waulize majirani waliokuwa wakilipa pamoja na baba yako, ujue alimlipa nani na mwaka gani. Milioni 40 ziache zilipo mpaka ulijue jibu.

Shangazi